Spiridon Yegorovich na Mabonde Yote Yaliyoitwa Bibi

Ninyi vijana wa chumba cha mbele mliokwisha kukiburuta kiti cha Spiridon Yegorovich hadi ukumbini, kirudisheni. Mtu bado anakuja kazini. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti, si leo, na baada ya miaka thelathini na sita katika ofisi yetu ya ardhi ya wilaya hawezi kusimama kama mgeni aliyekosa nafasi. Mkishakirudisha, ketini msome. Mkuu wa ofisi amenipa mimi kazi ya kuandika maneno haya ya kumuaga kwa sababu nilikuwa nikiwasha jiko la jengo hili kabla yeye hajazaliwa. Shule yangu iliishia darasa la nne. Asiyeweza kunivumilia akanywe chai yake kwingine.

Spiridon alitoka kusomea sheria Irkutsk, mwembamba kama ufito, na kofia ya manyoya ya marehemu baba yake ikimfika machoni. Miaka ile jamhuri yetu ya Yakutia ilikuwa inaanza kujiandikia sheria zake ndani ya shirikisho la Urusi: ya ardhi, ya misitu, ya maji, ya madini. Jamani, siku zile! Watu walibishana ukumbini juu ya mito mpaka samovari yangu ya chai ikapoa. Karatasi zilikuwa mbovu, wino uliganda kwa baridi, mishahara ilichelewa, lakini kila mtu alitembea kifua mbele. Tuliamini kwamba neno tukiliandika sisi, hata Moscow watalisoma.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusajili alaasi zote za wilaya. Wengine wenu mmekulia ghorofani, kwa hiyo nitasema: alaasi ni bonde la nyasi na ziwa lake katikati, na likikosa karatasi linahesabiwa kuwa msitu. Ukifyeka nyasi ndani ya msitu wa serikali wewe ni mwizi, na ng'ombe wako majira ya baridi watalamba theluji.

Basi Spiridon akapanda farasi, kijiji hadi kijiji, akiuliza majina. Kila alikofika wazee walimjibu, "Bibi." Walitaka wajibu nini? Kwetu nani anaiita kwa jina alaasi iliyomlisha? Utamwita mama yako kwa jina mbele za watu? Mgeni angeuliza mara ya pili. Spiridon, aliyelelewa na nyanya yake, alivua kofia kwa heshima akaandika: Bibi. Kijiji cha pili: Bibi. Cha tatu: Bibi. Akarudi ana furaha kama bwana harusi. Wilaya nzima imesajiliwa!

Haukupita muda akaja mkaguzi wa shirikisho, bwana mpole, miwani imejaa ukungu.

"Huyu Bibi mwenye malisho yote ya wilaya," akauliza, "yuko hai?"

Marehemu Gavril Petrovich, mkuu wetu wa wakati ule, alibabaika akaninyooshea kidole mimi, nimesimama na birika.

"Ndiye?"

"Mimi nina ng'ombe mmoja tu, baba, naye anachechemea," nikamwambia. "Ukitaka kumkagua twende zizini, lakini anapiga mateke."

Yule bwana alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaivaa tena, akasema lisilochekesha: alaasi zenye jina moja zitahesabiwa kuwa moja, na zilizobaki zitaingia msituni.

Masikio ya Spiridon yalimwiva. Akapanda farasi tena. Safari hii hakuuliza mtu akiwa mezani. Aliwaomba wazee wampeleke kwenye alaasi yenyewe, wawashe moto, waulishe siagi na chapati za maziwa, wamwombe Bibi ruhusa, ndipo jina litajwe, mara moja, kwa sauti ya chini. Halafu akaenda Yakutsk, mji mkuu wetu, kupigania kifungu katika sheria ya jamhuri: jina la alaasi litolewe na mzee wa ukoo palepale ilipo. Walimcheka kwamba anapaka sheria siagi. Akakipata.

Baadaye wakubwa wa shirikisho waliagiza sheria za mikoa zote zifanane na zao. Nilimwona akikata kwa kalamu nyekundu vifungu alivyoviandika mwenyewe, chai ikimpoa mkononi. Vya madini vilikwenda. Vya mito vilikwenda. Hiki cha alaasi alikitetea kwa simu na barua hadi makarani wa Moscow wakawa wanamtambua kwa kikohozi. Kikabaki.

Msidhani ni malaika. Akisema "nakuja sasa hivi", mpikie kesho. Ameegemea jiko langu akaunguza makoti mawili. Na kuimba, tafadhali, sherehe ya Ijumaa asiombwe kuimba.

Sasa imebaki alaasi moja tu, ya Nastaasiya Kychkina, mjane wa kijiji cha Toloon. Isiposajiliwa kufikia mwisho wa mwaka itakuwa msitu, naye atauza ng'ombe wote. Jina analijua peke yake. Mwezi uliopita, barabara ya Toloon ilipokuwa chini ya maji, aliletwa hapa kwa mashua. Sargylana, atakayeshika kazi ya Spiridon, akampa kiti, akawasha kompyuta.

"Bibi, taja jina tu. Dakika moja."

"Nimtaje hapa, chini ya taa hii? Kwani namripoti mwizi polisi?" Mama wa watu akafunga kitambaa chake, akaondoka.

"Basi tuandike Malisho Namba Kumi na Nne," Sargylana akasema.

Spiridon alikuwa mlangoni. "Binti yangu," akamwambia, "utampata wapi shahidi wa kuapa kwamba namba hiyo ilimlisha babu yake?"

Binti ana akili, nampenda, ila hajawahi kunusa nyasi. Kifungu kinadai sahihi ya afisa aliyesimama palepale, na Toloon wanamwamini Spiridon peke yake. Kuanzia Jumamosi sahihi yake haina kazi. Barabara imekauka.

Spiridon Yegorovich, asante. Watoto wangu wamekunywa maziwa kwa sababu yako. Nyasi zako zikauke bila kunyeshewa, kikohozi chako kipone, na usiku usiote wakaguzi.

Wewe Sargylana: Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi uwe uani, mwende Toloon na Spiridon, na mabuti, siyo hivyo viatu vyako. Siagi nitakupa mimi, usinunue ya dukani. Moto uuwashe wewe mwenyewe. Nyamaza mpaka Nastaasiya amalize, uliandike jina kama alivyolitamka, Spiridon atie sahihi. Kisha kamata uma mkubwa wa shambani, umsaidie yule mama kupanga nyasi zake kabla mvua haijaanza.