Mikono ya Evodius

Ndani ya treni ya kwenda Rågsved, kitongoji cha Stockholm, mwezi wa sita mwaka 1974, Ziada alijua adabu inamtaka awasalimie wale Watanzania wenzake wawili waliokaa mbele yake. Lakini salamu ingewanyamazisha, kwa hiyo akatazama nje kwa uso wa Mswidi asiyeelewa kitu.

"Evodius, mdogo wangu, glavu na jua hili?" alisema mwanamke.

"Dada Leokadia, niache. Hospitali kuu wamenipa nafasi mwezi wa tisa, kwa bingwa wa ngozi."

"Tangu Krismasi hujampa mtu mkono. Kanisani wanasema umesoma, sasa unaringa. Ukurutu kama huo sisi pale zahanati ya mtaani tunautibu kila siku."

"Na wagonjwa wenu ni majirani zangu. Nikae pale wote wanione najikuna?"

"Wenzako nao wamekuja wanajikuna."

Ziada alikohoa kuficha kicheko, kikohozi cha Kiswidi kadiri alivyoweza.

"Ugonjwa wangu ni mkubwa, dada. Si wa zahanati."

"Umeupata kwa kuosha vyombo hotelini. Kilicho kikubwa ni woga wako."

Treni ikasimama Rågsved. Leokadia akashuka kwenda kazini kwake zahanati, bila kuaga. Evodius, ambaye kwake ni kituo kinachofuata, alibaki kitini kwa heshima ya hospitali kuu kama sekunde nne hivi, kisha akaruka nje kabla milango haijafungwa.

"Nakusindikiza tu," Ziada alimsikia akisema. "Mwisho mlangoni."