Bw. Hezron Anastaafu na Cheti cha Kasi

Bw. Hezron Simwanza anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka ishirini na miwili katika ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Tunduma. Kumi na mitano kati ya hiyo ameitumia kutueleza kwamba injini yake ya regex, ile programu inayosaka namba za malori na makontena ndani ya hati, haina mpinzani.

Haki yake tumpe: siku nyingi ilikuwa na mbio. Tena ilikumbuka: namba ya lori ikitajwa juu ya hati, iliweza kuhakiki kama ni hiyohiyo iliyorudiwa chini. Ila ilisaka kama mgeni aliyepotea Nakonde, ng'ambo ya mpaka: ikikuta kichochoro kimeziba, ilirudi njia panda ya mwisho na kujaribu kingine, hadi viishe vyote.

Tukuswiga, fundi mwenzake, alileta injini inayofuata vichochoro vyote kwa pamoja bila kurudi nyuma. Haikumbuki marudio, na siku za kawaida huachwa nyuma kidogo na ile ya Bw. Hezron, lakini hati ikirefuka mara mbili, kazi nayo huongezeka mara mbili tu. Bw. Hezron aliitazama dakika tano, akasema, "Hiyo ya watoto wa chuo, mwanangu. Mimi naanza kazi hii, wewe hujui hata kuwasha kompyuta."

Machi mwaka huu dereva mmoja alijaza hati kwa mstari mrefu wa sifuri, akamalizia na nukta isiyotakiwa kwenye namba. Injini ya Bw. Hezron, ambayo ndiyo tuliyokuwa tukiitumia, ikajaribu kuzigawa sifuri hizo kwa kila namna, na kila sifuri moja iliongeza kazi maradufu. Malori yakasimama tangu asubuhi hadi alasiri. Ripoti ya Bw. Hezron, fasaha kweli, ilisema karani Fortunata ni mzito wa kubofya. Fortunata akasimamishwa kazi. Huu ni mwezi wa nane yuko kijijini kwao Ibaba analima viazi, na sisi tulionyamaza tunaona aibu.

Wiki mbili baada ya Fortunata kusimamishwa, Tukuswiga alihamishia hati za madereva kwenye injini yake bila kumwambia mtu. Foleni ikapungua, Bw. Hezron akatunukiwa cheti cha kasi. Alikipokea kwa mikono miwili.

Bw. Hezron, asante kwa miaka yote. Mbuzi yupo, soda zipo. Kabla ya kula, utakuta mezani barua tuliyoiandaa wenzako, isemayo kosa lilikuwa la injini yako, si la Fortunata. Imebaki sahihi yako. Fortunata naye tumemwalika, atakaa kiti kinachokutazama.

Tunakuombea uzee mwema, na kalamu tumekununulia.