Mgonjwa Wangu

Basi lilipotoka kituo cha hospitali, dada mtu, mnene aliyejaza kiti chake na nusu ya cha mdogo wake, aliupakata mfuko wa dawa. Mdogo mtu, mwembamba hadi nyumbani wakamwita Njiti, aligeukia dirishani. Daktari alikuwa ametoka kumwambia sukari yake iko juu, na bado hakuamini.

Kinyozi mmoja aliyekaa kiti cha pili, nywele za wateja bado mabegani, aliuona mfuko. "Sukari hiyo, dada, siyo? Pole. Lakini na mwili huo jamani! Muige mwenzako, mzima wa afya, anaonekana tu."

"Nimesikia, kaka," dada akajibu kwa upole ambao Njiti hakuwahi kuuona tangu azaliwe.

"Na soda uache."

"Nimeacha leo."

Dada huyuhuyu ndiye aliyemchamba kondakta asubuhi, eti kamwambia asogee! Njiti akanong'ona, "Mwambie basi dawa si zako."

"Ya nini? Mimi nimezoea kusemwa, wewe hujazoea. Pumzika kwanza."

Kinyozi aliendelea kuhubiri. "Na utembee, dada, usikae tu."

"Nitatembea."

Basi likasimama. Njiti akauchukua mfuko mapajani mwa dada yake. "Kaka, huko kutembea ni asubuhi au jioni? Maana dawa ni zangu."

Kinyozi akaanza kujipangusa nywele mabegani.

"Haya shuka, mgonjwa wangu," dada akasema, akimshika mkono. "Umemharibia kaka wa watu somo lake."