Mikungu Miwili ya Jumapili

Gari la Kalinzi lilikuwa likiteremka kuelekea Kigoma mjini, na Leonia alijifanya amesinzia ili ayasikie vizuri mabishano ya wanaume wawili waliokaa mbele yake. Dismasi, mbeba ndizi kwa baiskeli, alikuwa amekubali kwenda na rafiki yake Meshack kwenye msafara mkubwa wa baiskeli Jumapili, mpaka Ujiji. Sharti lake lilikuwa moja: afunge mikungu miwili ya ndizi kwenye keria ya baiskeli yake.

"Wewe bwana, tunakwenda kujifurahisha, siyo sokoni," Meshack alisema.

"Ikiwa tupu inaniyumbisha."

Leonia aliuma mtandio asicheke. Wanaume wa milimani hawa, hata furaha wataitafutia mzigo.

"Yaani hujawahi kuiendesha tupu? Ukirudi nyumbani je?"

"Nikirudi napakia chumvi na dagaa." Dismasi alitazama ziwa lililoanza kuonekana kule chini. "Tupu ni mara moja tu. Nilimpakia mke wangu kumpeleka hospitali, nikarudi peke yangu."

Leonia akauachia mtandio.

Gari liliposimama Katubuka, Meshack alimsaidia mwenzake kushuka, kisha akamwuliza kama mikungu hiyo itakuwa ya ndizi mbivu au za kupika.