Mkwaruzo katika Picha Namba Kumi na Nne

Mheshimiwa Jaji Whitcombe, unayeongoza Tume ya Uchunguzi wa kuanguka kwa ukumbi wetu wa barafu, Mheshimiwa Gordon Haskett, Meya wa Garnet Bay, waheshimiwa madiwani, Bi. Odile Charbonneau, mkutubi wetu na mwenyeji wa shughuli hii. Wazazi na jamaa wa marehemu. Wanachama wenzangu wa Klabu ya Picha. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana, habari za jioni.

Na Bi. Aili Rantala. Orodha ya itifaki niliyokabidhiwa haina jina lako, kwa hiyo nakuongeza kwa mdomo wangu mwenyewe. Marehemu mume wako, Toivo, alikuwa mwanachama wetu kwa miaka kumi na mmoja, na kwa miaka ishirini ndiye aliyeitunza barafu ambayo watoto wote wa mji huu walijifunzia kuteleza. Karibu sana.

Mimi, Lorne Pettigrew, ambaye wengi wenu mnanijua zaidi kwa dawa za kikohozi kuliko kwa picha, nimeombwa nifanye mambo mawili jioni hii: kufungua maonyesho haya, na kuaga baada ya miaka kumi na tisa ya uenyekiti. Katibu amenisihi niwe mchangamfu, maana mji huu umelia vya kutosha. Nitajitahidi hapa mwanzoni.

Kwa wageni wetu, klabu yetu ina utaratibu mmoja tu, na umedumu tangu vita viishe. Kila mwezi tunachomoa neno moja kutoka kwenye kopo la biskuti. Neno hilo ndilo mada, na kila mwanachama ana wiki nne za kutafuta picha yake, kuipiga, na kuisafisha gizani kwa mkono wake mwenyewe, mara nyingi bafuni, huku mwenye nyumba akigonga mlango na kuuliza ataoga lini. Jumatano ya pili picha zinaletwa. Nyuma ya kila moja hakuna jina, ni namba tu. Inawekwa kwenye stendi, inamulikwa kwa taa mbili, na mwamuzi anasema anachokiona. Mwenye picha haruhusiwi kutamka neno. Hata kukohoa kwa maana hairuhusiwi. Picha ijisemee yenyewe, ndivyo walivyotuachia waliotutangulia, na mimi nimeilinda sheria hiyo kuliko nilivyolinda vitu vingine vya maana zaidi.

Je, kuna furaha gani katika kuwapa watu ishirini na wawili neno moja? Tazameni ukutani mtaiona. Kwa Januari ya mwaka jana, kopo lilikuwa limetupa neno Mistari tangu Desemba, na picha zile zile za usiku ule wa uamuzi ndizo wanachama walizopigia kura zitundikwe tena leo. Naam, tisa kati yake ni za reli. Kila mada hii ikitoka, reli yetu hupigwa picha kuliko bibi harusi, na kila mmoja hudhani ni yeye peke yake aliyeifikiria. Lakini tazameni ile namba tano, ya Bi. Charbonneau: kamba ya nguo mwezi Januari, mashati manne ya wachimba madini yameganda kwa baridi yakawa mbao, na vivuli vyake vimelala juu ya theluji kama watu waliochoka. Tazameni namba kumi na tisa, ya mzee Duquette, ambaye hakutoka nje hata hatua moja. Alimpiga picha mkewe kisogoni, mahali alipochana nywele zake za mvi katikati. Kuna mstari ulionyooka kuliko ule? Kuna mtu aliyetazamwa kwa upendo zaidi mjini hapa? Miaka arobaini ya ndoa iko kwenye picha ile, na mwenyewe mzee alikuja akidai eti alikuwa anajaribu lenzi.

Hiyo ndiyo faida ya mada moja. Inakuonyesha kwamba jirani yako anaona.

Sasa naomba mtazame namba kumi na nne, na hapa, Katibu, unisamehe, uchangamfu wangu unakoma.

Ni picha ya Toivo Rantala. Alilala chali katikati ya ukumbi wa barafu, kabla watoto hawajafika, akapiga picha dari. Mnazikumbuka zile boriti tisa za mbao zilizopinda, zinavyokutana juu na mwanga wa madirisha ukipenya katikati yake. Mwamuzi usiku ule nilikuwa mimi. Ilikuwa picha bora ya mwaka. Kwenye boriti ya tatu tu, kutoka ukingoni hadi kwenye boliti, palikuwa na mstari mwembamba mweusi, urefu wake kama njiti ya kiberiti.

Niliyoyasema yamo kwenye kumbukumbu za mkutano, nayasoma kama yalivyoandikwa: "Namba kumi na nne ingekuwa ya kwanza, kama fundi wake angeitunza filamu yake, ile negativu, kama anavyozipenda boriti. Hapa pana mkwaruzo. Uzembe wa chumba cha giza. Nakata alama tatu."

Watu wakacheka. Toivo akainua mkono.

"Mwenyekiti..."

"Toivo! Ukisema neno tutajua ni yako."

"Basi jueni ni yangu. Huo mstari..."

"Kaa chini, bwana. Sheria ni sheria, hata kwa ninyi watu wa Ufini."

Wakacheka tena, nami nikafurahi kwamba nimechekesha. Toivo akakaa.

Wakati wa chai alinifuata na kikombe mkononi, hakijaguswa. Akaniambia, "Mwenyekiti, ule si mkwaruzo. Upo kule juu."

Nikamjibu, "Kaka, miaka yote hii sijakutana na mtu anayekiri mkwaruzo. Kila mmoja, wake upo kule juu."

Wapiga picha mliomo humu mnaelewa. Kwetu sisi hicho ndicho kisingizio kikongwe kuliko vyote. Unywele ulioanguka kwenye karatasi, mtu anaapa ulikuwa kwenye kope za bibi harusi. Vumbi kwenye lenzi, mtu anaapa ni ndege. Nimezoea kutazama karatasi na kutafuta makosa ya fundi, na mazoea hayo yakanifunga macho nisikione kitu chenyewe kilichopigwa picha. Daktari aliyeambiwa mgonjwa anatoka damu, akalalamikia shuka, huyo ndiye mimi.

Picha ikashika nafasi ya tatu, na kwa desturi yetu picha tatu za juu hukaa mwezi mzima unaofuata kwenye dirisha la maktaba hii, zikitazama barabara kuu. Mimi sikuwa tayari kutundika mkwaruzo mbele ya mji. Basi nikaichukua nyumbani. Nikaketi mezani jikoni na brashi yenye nywele tatu, nikachanganya nyeupe na kijivu hadi rangi ikalingana na mbao, nikaujaza mstari ule nukta kwa nukta. Ilinichukua saa mbili. Nilijivuna. Nilimwita mke wangu aje aniambie ulikuwa wapi, na hakuuona.

Mheshimiwa Jaji, nakuona umeacha kuandika. Naomba uendelee.

Alhamisi, tarehe mosi Februari, Toivo alikuja dukani kwangu. Alisimama mbele ya kaunta na kofia kichwani.

"Umeufuta," akasema.

"Huoni hata ulipokuwa, au siyo?"

"Sioni kabisa. Una mkono mzuri. Sasa chukua ngazi uje unifutie na wa kule juu, maana Jumamosi watoto wanakuja."

Nikamuuliza kama halmashauri wanajua. Akasema, "Nimewaambia tangu Desemba. Wakasema maneno matupu hayatoshi, nilete ushahidi. Nikaona, nikiupiga picha, mji mzima utauona dirishani, hawatapata pa kujificha. Wewe ukaupaka rangi."

Ndugu zangu, hapo nilikwisha kuelewa. Nisiwadanganye leo kwamba nilielewa baadaye, kwenye vifusi, kama wengine. Nilielewa palepale, katikati ya chupa za dawa. Na nilifanya nini? Nilikasirika. Nilikasirika kwamba hakunishukuru kwa saa zangu mbili. Nikamwambia maonyesho ya dirishani yanaisha tarehe ishirini na nane, picha haiondolewi kabla ya siku yake, asubiri, nitamrudishia, kisha asafishe nyingine. Akaondoka bila kufunga mlango, baridi ile ya Februari ikaingia hadi kwenye rafu, na mimi, Mungu anisamehe, nilimlaumu kwa mlango.

Siku tisa baadaye, Jumamosi asubuhi, boriti ya tatu ilivunjika.

Sitawasimulia asubuhi ile. Wazazi wa wale watoto wanne mmekaa mbele yangu, na wale wawili waliofiwa na wenzi wao, na mnaijua kuliko ninavyoweza kuisema. Nitasema jambo moja tu ambalo halisemwi. Watoto waliotoka hai walieleza kwamba mtunza barafu ndiye aliyewafokea watoke, akiwasukuma mlangoni hata wakamwogopa. Yeye alikutwa upande ulio mbali kabisa na mlango. Mtu mzembe anayeokoa nafsi yake hukutwa huko?

Lakini mbele ya Tume, Septemba, wakili wa halmashauri aliinua picha hii hii. "Hii," akasema, "ilipigwa na marehemu mwenyewe, mwezi mmoja kabla, na ilikaa dirishani kila mtu aione. Boriti nzima, haina hata alama. Kama haikuwa na ufa Januari, basi kilichoivunja ni theluji ambayo marehemu hakuiondoa paani." Nilikuwa safu ya tatu. Nikaitwa. Nikaulizwa swali moja, kama hii ndiyo picha iliyoonyeshwa na klabu yangu. Nikajibu, "Ndiyo." Nikarudi kuketi. Jibu lile lilikuwa la kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule.

Tangu hapo mmeona yaliyompata Bi. Aili. Nani kati yetu hajavuka barabara alipomwona anakuja? Mimi nimevuka. Mkate wake ananunulia mji wa pili. Jiwe la kumbukumbu litakalozinduliwa tarehe kumi mwezi ujao limeshachongwa, lina majina sita, na waliokufa ni saba. Alipomwendea Meya kuuliza, aliambiwa kwamba familia za wahanga zingeumia kuliona jina lile. Mwanamke huyu amezika mume, kisha akatakiwa amzike na jina.

Negativu za Toivo zilikuwa kwenye kabati la ukumbi, zilisagika pamoja na ukumbi. Nakala ya pili hakuwahi kuisafisha. Tume ilichukua taswira ya picha ikairudisha yenyewe klabuni, kwa hiyo karatasi hii iliyo ukutani ndiyo pekee iliyobaki duniani. Ukiacha siku zile za Tume, kwa miezi kumi na mmoja imekuwa chini ya kitanda changu. Nilifikiri kuichoma. Naliweka hilo nalo wazi, liandikwe.

Nilimwalika Mheshimiwa Jaji hapa makusudi, kwa kuwa vikao vyake vinafungwa Jumatatu. Nimewaalika nanyi nyote makusudi, kwa sababu kosa nililofanya mbele ya watu sitaki kulirekebisha faraghani. Rangi niliyotumia ni ya maji. Haikuingia ndani ya karatasi, imekaa juu tu.

Bi. Charbonneau, nishushie namba kumi na nne, tafadhali. Asante. Mheshimiwa Jaji, naomba usogee hapa kwenye taa, na Mheshimiwa Meya pia, usogee, usogee, hakuna atakayekushika. Hii ni pamba, na haya ni maji matupu. Boriti ya tatu, hapa. Nasugua polepole, maana karatasi nayo ina uhai wake. Rangi inaanza kutoka, tazameni pamba ilivyoingia kijivu. Bado kidogo. Haya.

Upo. Kutoka ukingoni hadi kwenye boliti. Mtu yeyote anayetaka kuja kuuona, aje, lakini asiuite mkwaruzo tena mbele yangu.

Mheshimiwa Jaji, naikabidhi kwako, pamoja na pamba, pamoja na kitabu cha kumbukumbu cha klabu, na Jumatatu nitakuja kula kiapo niyaseme haya upya, na unifanye kama sheria inavyotaka. Mheshimiwa Meya, nyundo na tindo za fundi wa mawe ziko umbali wa dakika tano kutoka hapa, na jina Rantala lina herufi saba. Wanachama wenzangu, tafuteni mwenyekiti mwingine, na sheria ya kumnyamazisha mwenye picha mkaifute kabla hamjamchagua.

Kwa wafiwa, siombi msamaha jioni hii, kwa sababu mkinipa mbele ya watu wote hawa mtakuwa mmelazimishwa na adabu. Kwa nyote, nashukuru kwamba mmekaa kimya mkayasikia yote.

Naona Bi. Aili ameketi safu ya nyuma kabisa, na kulia kwake kuna viti viwili vitupu, na kushoto viwili, ingawa kuna watu wamesimama ukutani tangu tuanze. Nashuka sasa niende nikamwombe ruhusa ya kukaa kimoja. Akinikubalia, vitabaki vitatu.