Hasi Mbili: Cirillo Laku Anastaafu kwa Hesabu Yake Mwenyewe

Cirillo Laku amekitumikia kiwanda chetu cha uchapaji, hapa Hai Jalaba, Juba, kwa miaka ishirini kasoro siku saba: tangu Jumatatu tarehe 6 Machi 2006 hadi leo, Ijumaa tarehe 27 Februari 2026. Alistaafu tarehe 1 Januari 2024. Tarehe zote tatu ni sahihi na zimehakikiwa.

Alikuja kutoka Uganda akiwa na barua ya parokia na rula ya chuma, akapewa mashine ya kukatia karatasi. Hajawahi kuhamishwa. Amekata madaftari ya shule, kadi za harusi, kalenda, na mara moja, kwa oda maalum, keki ya mkurugenzi. Anaondoka na vidole kumi, idadi ileile aliyokuja nayo. Wenye uzoefu wa mashine hiyo wanajua kwamba hilo si jambo dogo.

Kustaafu kwake kuligunduliwa mwezi uliopita, na aliyekugundua ni yeye.

Kiwanda kilianzisha mafunzo ya kompyuta kwa wafanyakazi kumi na wawili. Mwalimu alikuwa Adhieu, fundi wetu wa kompyuta, aliyesomea Nakuru. Zoezi la somo la tatu lilikuwa jepesi: andika programu inayouliza mwaka wa kuzaliwa, iutoe katika mwaka huu kupata umri, kisha iutoe umri katika sitini, ambao ndio umri wetu wa kustaafu, na kuonyesha miaka iliyobaki.

Kitabu kilitahadharisha kwamba jibu linaweza kupotoka kwa mwaka mmoja, kwa kuwa huenda siku ya kuzaliwa ya mtu haijafika. Darasa halikuelewa tahadhari hiyo. Wanafunzi wote kumi na wawili, kwa mujibu wa vitambulisho vyao, walizaliwa tarehe 1 Januari, siku anayoandikiwa kila asiyeijua yake. Adhieu naye. Mstari wa siku ya kuzaliwa ukafutwa, na programu ya Juba ikawa fupi na kamili kuliko ya kitabu.

Cirillo alimaliza wa kwanza. Aliandika 1964. Kompyuta ikajibu: hasi mbili.

"Mwalimu, hii kitu naharibika," alisema.

Adhieu alisoma mistari yote mitano. "Mzee wangu, programu haina makosa. Makosa ni yako, ulizaliwa mapema."

Ofisi ya utumishi iliulizwa. Yien, anayeisimamia, alieleza kwamba namba zote mbili, 1964 na sitini, zimo kwenye faili tangu mwaka 2006, ila hakuna aliyewahi kuzikutanisha.

Cirillo hakutaka kuondoka. Hilo liandikwe wazi, kwa sababu siku tatu zilizofuata hazieleweki bila hilo. Alikuja saa moja asubuhi kutoka kwake Hai Mauna, akakata karatasi hadi mchana, kisha akakaa mbele ya kompyuta kutafuta kosa. Siku ya pili aligeuza hesabu: badala ya kutoa umri katika sitini, alitoa sitini katika umri. Ikaja mbili, safi, bila alama ya kutoa. Alitangaza kwamba amebakiwa na miaka miwili, na alipongezwa na idara mbili.

Adhieu aliingiza mwaka wake mwenyewe, 2000, katika programu hiyohiyo. Ilionyesha kwamba yeye alipaswa kustaafu mwaka 1992, miaka minane kabla ya kuzaliwa.

"Sasa mimi nimekuja kazini kufanya nini?" aliuliza. Cirillo akairudisha hesabu ilivyokuwa.

Siku ya tatu aliitwa na mkurugenzi, Mama Teresina. Hakuna mwingine anayeiweza mashine ile. Nyakuon, aliyeteuliwa kujifunza, alikuwa bado anakata kadi za harusi kwa mshazari. Mama Teresina alipendekeza suluhisho la kiutawala.

"Mzee Cirillo, si uzaliwe tu sitini na tisa? Unapata miaka mitatu. Hata hiyo sitini na nne ni padri alikisia."

Ni kweli padri alikisia. Cirillo aliomba dakika kumi na akaenda kuujaribu kila mwaka. Kwa 1965, hasi moja. Kwa 1966, sifuri. Mwaka wa kwanza uliompa chochote ulikuwa 1967. Tatizo ni kwamba mdogo wake, Sunday Laku, muuza mbao wa soko la Jebel, padri yuleyule alimkisia 1966. Hata sifuri ingewafanya mapacha, na kwao mapacha hupewa majina yao maalum, ambayo hawa hawana.

Alirudi ofisini na jibu.

"Mama, mimi iko mkubwa ya Sunday. Leo karatasi nasema Sunday iko mkubwa, kesho yeye natuma mimi maji."

"Ni karatasi tu, Mzee!"

"Karatasi mimi nakata miaka ishirini. Mimi najua karatasi. Kalas, imeisha, mimi naenda."

Yien aliandaa barua siku hiyohiyo. Kwa kuwa kanuni inataka tarehe halisi ya kufikisha sitini, iliandikwa 1 Januari 2024. Cirillo aliisoma mara mbili, akaipeleka kwenye mashine, akapunguza ukingo wa kushoto uliokuwa umepinda, kisha akatia sahihi. Wiki nne zilizofuata alimfundisha Nyakuon. Kadi za jana zilikuwa na pembe nne za mraba. Alizipima zote, akairudisha rula mfukoni bila kukata upya hata moja, na kwa wanaomfahamu hiyo ndiyo sifa.

Katika sherehe ya leo, wasemaji wa familia ni wawili, nao watapanda jukwaani kwa kufuata miaka yao ya kuzaliwa. Sunday ameombwa asubiri.

Mzee Cirillo, wafanyakazi wote wanakushukuru kwa kila ukingo ulionyooka, pamoja na ile miaka miwili uliyofanya kazi baada ya kustaafu bila kutuambia. Uende salama, upumzike vizuri, na kila tarehe moja Januari uendelee kumzidi Sunday kwa miaka miwili.