Mama Kadi na Mafaili Mia Moja na Nane

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mama Kadi atafunga kabati la mwisho la masjala ya hospitali yetu na kukabidhi funguo. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na saba na miezi miwili. Katika muda wote huo hakuna aliyemkuta amechelewa kazini, isipokuwa siku moja ya mvua ambayo mpaka leo hapendi itajwe, nami nimeitaja kwa kusudi. Mimi ni karani mwenzake wa meza ya dirishani. Nimekaa jirani naye miaka kumi na tisa na nimekaripiwa karibu kila wiki.

Aliingia hapa akiwa binti wa miaka ishirini na mitatu, kazi yake kubeba mafaili ya wagonjwa kutoka masjala hadi vyumba vya madaktari. Mapema tu akajipatia jina. Masjala ina desturi yake: faili likitoka kabatini, pengo lake halibaki wazi. Unachomeka kadi ya manila ya njano yenye mistari minne: nini kimetoka, nani kachukua, kimepelekwa wapi, kitarudi lini. Wengine tuliijaza kadi hiyo kwa uvivu, hasa mstari wa mwisho. Yeye hakuwa na mchezo na mstari wa mwisho. Ukiuacha mtupu alikufuata mpaka chooni, akagonga mlango na kukusubiri na kalamu.

Desturi hiyo ilimkaa hadi nje ya makabati. Birika la chai lilipopelekwa kwa fundi, tulikuta kadi mezani. Muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi alipokwenda likizo ya uzazi, kwenye kiti chake ilikaa kadi ya njano, na mstari wa mwisho ulisema atarudi baada ya miezi mitatu, akiwa ameongezeka mmoja. Kadi hiyo muuguzi ameiwekea fremu nyumbani kwake.

Katika mwaka wake wa tisa kazini ililetwa kompyuta ya kwanza. Haikuwa na picha wala mausi. Ilikuwa na skrini nyeusi, alama nyeupe inayopepesa, na ukimya wa mtu anayesubiri uanze wewe kusema. Kila jambo uliandika kwa kibodi: dir kuona kilichomo, cd kuingia kwenye saraka, yaani kabati la mafaili ndani ya mashine, copy kunakili, del kufuta. Jina la faili halikuruhusiwa kuzidi herufi nane. Makarani wengine walikumbuka ghafla kwamba macho yao yana matatizo. Mama Kadi akavuta kiti, na kazi ya kuingiza daftari za vizazi, kila mwezi faili lake, ikawa yake.

Mwezi wa nane aliharibu. Alitaka kusafisha saraka ya takataka, akaandika amri ya kufuta vyote, kumbe alikuwa amesimama ndani ya saraka ya vizazi. Mashine ilimuuliza kama ana uhakika. Yeye, kwa adabu alizolelewa nazo, alipoulizwa vizuri akajibu ndiyo. Miezi minane ya watoto ikayeyuka kwa kufumba na kufumbua. Hakuusingizia umeme. Alikwenda mwenyewe kwa mganga mkuu wa wakati huo, barua ya kuacha kazi ikiwa mkobani, akaeleza kila kitu huku analia. Mganga mkuu akamwambia barua airudishe mkobani, kwa kuwa madaftari ya karatasi bado yapo. Aliandika upya yote kwa wiki tisa.

Kuanzia hapo alijiwekea sheria mbili. Ya kwanza, kabla ya kugusa chochote alijiuliza kwa sauti, "Niko wapi sasa?" na kuisoma njia yote kwenye skrini kwa kidole. Ya pili, hakuhamisha faili la kompyuta bila kuacha kadi. Aliunda kifaili kidogo chenye jina lilelile na mkia wa KAD, na ndani yake ile mistari minne. Fundi wetu wa kompyuta alipoajiriwa alivicheka hivyo vikadi mpaka akatokwa machozi. Alisema hajawahi kuona mashine inayowekewa adabu za kabati la mbao.

Baada ya miaka tisa kompyuta mpya zikaja, ile ya zamani ikasukumwa kwenye kona na kubatizwa Babu. Kuhamisha vizazi vilivyomo, kila mkuu wa idara alisema kutafanyika mwaka ujao. Kisha tangi la maji likapasuka juu ya stoo, na madaftari ya miaka hiyo tisa yakaloa hadi wino ukawa rangi moja na karatasi. Miezi mia moja na nane ya watoto ikabaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya tumbo la Babu.

Mwaka huu, mwezi wa kwanza, ikaja amri kwamba chumba kinatakiwa na Babu atupwe mwisho wa mwezi wa tatu. Mama Kadi hakupiga kelele. Aliomba aachiwe hiyo miezi mitatu, mitatu ileile aliyobakiwa nayo kazini. Wiki hiyohiyo Babu akaanza kukohoa. Siku nyingine aliwaka baada ya kuombwa mara tano. Tulijua kabisa kwamba akizima moja kwa moja, maelfu ya watu hawatakuwa na pa kuthibitisha walizaliwa lini.

Njia ilikuwa moja: flopi, zile diski bapa za zamani za kubebea mafaili. Fundi alizunguka madukani akarudi na kisoma flopi cha kuchomeka kwenye kompyuta mpya, amekifuta vumbi kama yai. Flopi nzima zilikuwa nne tu. Kwa hiyo unanakili, unazipeleka chumba cha pili, unahakikisha zimefika, unazifuta, unaanza tena. Na kila unapofuta, uwe umesimama kwenye flopi, siyo ndani ya Babu. Kazi ya mtu mmoja isingekwisha, hivyo Mama Kadi akaamua kutufundisha wote watano.

Masomo yake hayakuanzia kwenye skrini. Alibandika karatasi kwenye makabati, kila kabati saraka, kila droo saraka ndogo, akatutembeza. Akisema cd, unakwenda kwenye kabati. Akisema cd na nukta mbili, unarudi hatua moja nyuma. Mimi nilirudi nyuma hatua mbili nikamkanyaga mhudumu wa usafi, ambaye tangu siku hiyo huniuliza niko wapi sasa kila tunapokutana. Akisema copy, unaandika nakala kwa mkono na kuiweka droo ya pili, faili lenyewe ukiliacha lilipo. Wagonjwa waliokuwa foleni dirishani walitutazama watu wazima tukizunguka makabati kwa kunong'ona, na mama mmoja aliuliza kwa upole kama hapa ndipo wodi ya akili. Lakini siku ya nne nilipokaa mbele ya ile skrini nyeusi nilijua niko wapi, na sikuogopa. Nilijisikia kama mtoto aliyeachiwa baiskeli kwa mara ya kwanza, nayo ikakubali.

Tukamaliza wiki iliyopita, Jumanne. Tukahesabu: mia moja na saba. Tukahesabu tena mara tatu, yakawa mia moja na saba vilevile. Mwezi mmoja wa miaka ishirini na mitano iliyopita haukuwepo. Mambo hayachelewi kukutana: asubuhi hiyo dirishani alikuwa amesimama fundi cherehani wa barabara ya nyuma, mama wa mtoto mmoja, amepata nafasi ya kusomea ushonaji wa viwandani ng'ambo na anadaiwa uthibitisho wa kuzaliwa kabla ya wiki kwisha. Yeye mwenyewe alizaliwa katika mwezi huohuo. Mama Kadi alikaa chini.

Aliyeona ni fundi wetu wa kompyuta. Kwenye orodha, mahali pa mwezi ule, palikuwa na kifaili kimoja chenye mkia wa KAD. Tukakifungua. Kilisema: vizazi vya mwezi huo vimetoka. Kavichukua Mama Kadi. Vimepelekwa saraka ya MASAHIHI, kurekebisha mapacha walioandikwa mara moja. Vitarudi: kesho.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Huyu aliyetufuata chooni na kalamu alikuwa na faili ambalo kesho yake ilichukua miaka ishirini na mitano! Tukaingia MASAHIHI, nalo lilikuwa limetulia mahali lilipoambiwa likae, mapacha wamesahihishwa, na chini yao jina la fundi cherehani, uzito wake, na saa aliyolia kwa mara ya kwanza. Mama Kadi alilinakili kwa mikono yake, akalisoma jina kwa sauti dirishani, na wanawake wale wawili wakashikana mikono kupitia tundu la vyuma. Baadaye niliona fundi wetu wa kompyuta ameanza kuweka vikadi kwenye mitambo yake mipya, na sitamtania, angalau mpaka sherehe ipite.

Mama Kadi anakwenda kupumzika kwa mume wake, seremala mstaafu, ambaye ametuarifu kwamba patasi zake zote tayari zimewekewa kadi. Pia ana mjukuu wa miaka sita anayemfundisha skrini nyeusi kwenye kompyuta kuukuu ya nyumbani, na mtoto huyo, tunaambiwa, hafuti kitu bila kusoma.

Jana nilimwasha Babu kwa mara ya mwisho ili kumuaga. Nikaandika dir, kama nilivyofundishwa. Palikuwa na kifaili kipya chenye jina la Mama Kadi na mkia wa KAD. Kimetoka: karani wa masjala. Kamchukua: mume wake. Amepelekwa: nyumbani. Mstari wa mwisho ulikuwa mtupu. Miaka kumi na tisa, na hatimaye nimemkamata! Nikatafuta kalamu kwa mazoea, kisha nikakumbuka nimefundishwa njia nyingine. Nikajiuliza kwa sauti niko wapi sasa, nikafungua kile kifaili, nikaandika: atarudi siku yoyote, mlango anaujua. Nikahifadhi, na nakala nikaiweka kwenye flopi atakayokabidhiwa Ijumaa.

Asante, Mama, kwa kila pengo ambalo hukuliacha wazi. Nenda salama, ule ushibe, ulale hadi jua lipande, na afya ikae nawe kama ulivyokaa nasi.